Goti la Mjomba Masele

"Minza, mbona mjomba wako akikaa anaunyoosha mguu mmoja kama mpini wa jembe? Unamuuma?"

Aliyeuliza alikuwa Bibi Mbuke, jirani yao wa upande wa machweo. Ilikuwa asubuhi, na Minza alikuwa akipita na ndoo yake kwenda bombani kama alivyofanya kila siku kabla ya shule. Bibi alikuwa ameketi mlangoni pake akibangua karanga. Mgongo wake ulikuwa umepinda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Kuni zilikuwa za shida pembezoni mwa mji wa Bariadi, na akina mama wengi walipikia kilichopatikana.

"Ng'wangaluka, bibi," Minza alisalimu kwanza, akipiga goti kidogo.

"Ng'wangaluka, ng'wanone, mwanangu. Nimekuuliza."

"Haumuumi, bibi. Wachezaji wa mpira wa kikapu ndivyo wanavyokaa."

Bibi Mbuke alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye karanga zake. "Haya," alisema. "Mimi mpira siujui. Ninajua miguu tu."

Minza alijitwisha ndoo tupu na kuondoka haraka. Alikuwa amesema uongo, na alijua amesema uongo.

Mjomba Masele alikuwa mdogo wake mama, na pale mtaani hapakuwa na mtu asiyemfahamu. Alipokuwa mtoto wa shule alikuwa mrefu kupita walimu. Bruda mmoja wa misheni alipigilia pete ya chuma kwenye nguzo nyuma ya kanisa, akawapa watoto mpira, na Masele hakutoka tena pale mpaka giza liingie. Mpira ulipopasuka, alirusha mfuko uliojazwa pamba. Baadaye shirika moja la umma la Mwanza lilimsikia, likamwajiri. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa karani wa ghala, lakini kila mtu alijua kwamba kazi yake ilikuwa kucheza. Alicheza Dar es Salaam, akacheza Nairobi na Kampala. Picha yake akiwa ameruka, mkono umefika kwenye pete, ilitundikwa ukutani kwa mama yake Minza, karibu kabisa na msalaba.

Kisha mambo yakabadilika nchini. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia Bariadi na malori yao mapya. Shirika la Masele nalo liliuzwa, pamoja na timu. Tajiri aliyeinunua aliwakusanya wachezaji akawaambia kwamba mambo ya ukarani yamekwisha. Sasa watalipwa kwa kucheza. Asiyecheza halipwi.

Ndipo Masele aliporudi nyumbani kwa mapumziko, akakaa chumba cha nyuma. Siku moja Minza aliingia kumpelekea uji bila kubisha hodi. Alimkuta mjomba ameketi kitandani, suruali ameikunja, goti la kulia limevimba kama boga changa. Kando yake palikuwa na bandeji ndefu ya kuvutika na chupa ya vidonge.

"Funga mlango," Masele alisema. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini. Goti lilikuwa limeumia tangu msimu uliopita, pale Mwanza, alipotua vibaya. Daktari alivuta maji kwa sindano, akamwambia apumzike mwaka mzima. "Nikipumzika mwaka mzima, tajiri atamchukua mwingine. Unanielewa, mpwa wangu? Ng'ombe wa kaka yangu Shija wamenunuliwa na goti hili. Sare yako ya shule imenunuliwa na goti hili. Usimwambie mtu. Hata mama yako."

"Sitasema, mjomba."

"Apa."

Minza aliapa. Tangu siku hiyo alimpelekea maji ya moto na kitambaa kila mama alipokwenda sokoni kuuza mchele, na kila alipotoka chumbani humo aliangalia kushoto na kulia kama mwizi.

Siku ya mnada wa ng'ombe mjomba Shija alikuja kutoka Nkoma. Yeye alikuwa kaka mkubwa wa familia, mkulima wa pamba na mfugaji, mtu wa sauti nzito aliyempenda mdogo wake kuliko alivyojua kusema. Walipokuwa wanakula aliuliza kwa furaha, "Eti Minza, huku mtaani wanasemaje juu ya bingwa wetu?"

Minza alitaka kujibu kitu. "Bibi Mbuke aliuliza kama mguu wa mjomba unamuuma."

Mkono wa Masele ulisimama juu ya ugali. Mama yake Minza, Felisita, hakuona kitu, akasema, "Bibi naye ana maneno. Alikuwa mkunga, anatazama watu kama wote wanataka kuzaa." Wakacheka. Ila Shija hakucheka sana.

"Aliuliza mguu upi?" alisema.

Masele aliomba maji ya kunawa.

* * *

Ilipokaribia siku ya kufungua ununuzi wa pamba, kampuni moja mpya iliandaa mchezo kwenye uwanja wa misheni. Timu ya Masele ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, na tajiri mwenyewe alikuja kwa gari lake, akakaa kwenye kiti cha kitambaa. Watu walikuja hata kutoka Zagayu. Waliosimama juu ya malori walikuwa wengi kuliko waliokaa chini.

Asubuhi hiyo Minza alimwona mjomba wake akimeza vidonge vingi kwa mara moja, kisha akajifunga bandeji na kuvaa suruali ndefu ya michezo juu yake. Minza alimshika mkono. "Mjomba, usicheze."

"Tajiri amekuja kunitazama mimi."

Kipindi cha kwanza Masele alicheza kama kwenye picha ya ukutani. Aliudunda mpira chini kabisa, akapita katikati ya watu, akaurusha, na nyavu zikatikisika. Watu walipiga vigelegele. Bibi Mbuke alikuwa amekaa kwenye gunia mstari wa mbele, karibu na mama yake Minza. Hakupiga kigelegele. Alikuwa anatazama chini, kwenye miguu.

"Felisita," alisema, na waliokaa karibu walimsikia, "huyu mtoto angekaa chini. Ule mguu hautamfikisha."

Haukupita muda mrefu. Masele alipokea mpira akiwa peke yake, mbele yake hapana mtu. Aliruka. Aliporudi chini, mguu wa kulia ulikunjika kwa upande, akaanguka, na sauti aliyotoa Minza hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha, kutoka juu ya malori, neno moja likaanza kupita kutoka kinywa hadi kinywa.

"Hakuna aliyemgusa."

"Umeona? Hakuna aliyemgusa."

Minza aligeuka kumtafuta Bibi Mbuke. Aliona kwamba waliokaa karibu na bibi walikuwa wamesogea mbali, na gunia lake lilikuwa limebaki peke yake.

* * *

Shija hakukubali mdogo wake apelekwe hospitali. "Mguu unaovunjika bila kuguswa si wa hospitali," alisema. Akachukua kifaranga cha kuku, akaenda kwa mganga wa ramli anayesoma matumbo ya kuku. Aliporudi aliwaita Felisita na Masele, akaketi kwenye kigoda. Minza alikuwa anapepeta mchele kando ya jiko, akasikia yote.

"Kuku amesomwa," Shija alisema. "Ameonyesha mwanamke. Jirani wa upande wa machweo. Macho mekundu, kama ya wachawi wote. Aliutaja mguu kabla haujavunjika."

Mama Felisita alifanya ishara ya msalaba. "Kaka, yote hayo mganga aliyaona kwenye kuku, au uliyasema wewe alipokuuliza?"

"Aliniuliza kama kuna mtu aliyeutaja mguu. Nikamwambia."

"Na macho?"

"Felisita, usinibishie. Alijuaje? Nijibu hilo tu. Mguu ulikuwa mzima, mtu anapita na kuuliza kama unauma. Alijuaje?"

Minza aliacha kupepeta. Alimtazama mjomba Masele, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mto wa pamba. Alikuwa analijua jibu, na Masele pia alikuwa analijua. Masele aligeuza uso ukutani.

Baada ya hapo hofu iliingia katika mtaa ule kama moshi unavyoingia nyumbani. Hukuiona ikiingia, lakini ilikuwa kila mahali. Watoto waliokuwa wakienda kwa Bibi Mbuke kuomba karanga waliacha. Mtu fulani alikata mihogo yake yote, akaiacha chini bila kuichukua. Mbwa wake mzee alikutwa amekufa karibu na mlango. Watu wazima walipoona mbwa yule hawakusema kitu, wakapita upande mwingine wa njia, na hilo ndilo lililomtisha Minza zaidi, kwa sababu alijua maana yake. Sehemu zile, bibi kizee akishatajwa na ramli, mihogo na mbwa huwa mwanzo, na mwisho huwa panga. Minza alikuwa amesikia habari za namna hiyo kutoka vijiji vingine. Hazikuwahi kuwa za mtu anayemjua.

Shuleni, Jenifer, aliyekaa naye dawati moja, alimwuliza mbele ya wenzao, "Eti mchawi wenu anaondoka lini?"

"Si mchawi."

"Basi nani alivunja goti la mjomba wako? Malaika?" Wenzake wakacheka. Jenifer akainamisha kichwa karibu. "Baba anasema watu wameshaitwa. Wewe usilale dirisha la upande ule."

Minza hakusikia tena mwalimu alichofundisha siku ile. Alitaka kusema. Kila alipotaka kusema, aliona sare yake, aliona ng'ombe wa mjomba Shija, na alijisikia akiapa. Tena aliogopa kitu kingine, ambacho hakuweza hata kukitaja kanisani alipopiga magoti pamoja na mama. Yeye ndiye aliyepeleka swali la bibi mezani.

* * *

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya jumuiya, na mama Felisita alikuwa amekwenda kusali nyumba ya tatu kutoka kwao. Minza alikuwa anafagia uwanja. Jua lilikuwa bado juu. Wanaume wawili wageni walikuja kwa baiskeli wakasimama, wakaomba maji ya kunywa.

Mgeni hanyimwi maji. Minza aliingia, akateka kwenye mtungi, akawapelekea kwa mikono miwili. Mmoja alikunywa akamrudishia kopo kwa adabu. "Wabeja, binti. Masele yupo?"

"Yupo. Anaumwa."

"Tumesikia. Pole." Mtu yule alifuta mdomo, akatazama upande wa machweo. Nyuma ya baiskeli yake palikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. "Hivi yule bibi wa pale, analala ile nyumba ya nyasi au ile ya bati?"

Minza alimwaga maji yaliyobaki kwenye kopo. "Sijui," alisema.

"Anaishi na nani?"

"Sijui."

"Huyu hajui kitu," mwenzake alisema, akacheka kidogo. Wakapanda baiskeli zao, wakaenda kukaa kwenye kivuli cha kibanda cha kununulia pamba mwisho wa njia, kama watu wanaosubiri jua lizame.

Minza aliingia ndani mbio. Mjomba Masele alikuwa amekaa kitandani, na kwa uso wake Minza alijua kwamba alikuwa amesikia.

"Mjomba, waambie."

Masele alikuwa analowa jasho. "Sikuwaita mimi. Mimi sikusema ni yeye."

"Hukusema siyo yeye."

"Tajiri amesema ataningojea mpaka nitibiwe uchawi huu. Akijua goti lilikuwa bovu toka zamani, hatangoja. Nipe muda, Minza. Nitafikiri."

Minza alimtazama mtu yule mrefu, ambaye kichwa chake kiligusa mwamba wa paa akisimama, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba naye alikuwa anaogopa kuliko yeye. Alichukua chupa ya vidonge na bandeji chini ya kitanda, akatoka. Masele alimwita. Hakugeuka.

Alimkuta mama kwenye njia, jumuiya imekwisha, kitabu cha sala mkononi. Alimwambia yote: maji ya moto, kiapo, Mwanza, sindano, na wale watu wawili kwenye kivuli. Alisema huku analia, na maneno mengine alirudia mara mbili.

Mama Felisita hakumpiga wala hakumfokea. Alisimama akitazama upande wa kibanda. Midomo yake ilikuwa inasali. Minza alijua mama anaogopa. Mjane kama yeye anayemtetea aliyetajwa, kesho hutajwa yeye.

"Vidonge viko wapi?" mama aliuliza.

"Hivi."

"Vishike. Usiviachie hata mjomba Shija akikuambia uviachie."

Walikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mbuke. Mama alimshika mkono, akamtoa nje bila kueleza, akamketisha kwenye kigoda katikati ya uwanja wao. Kisha akasimama mbele yake, akajaza kifua, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari. Hupigwa ng'ombe wanapoibwa au mtu anapovamiwa, na anayeusikia lazima aje, awe anakula au anaoga. Asiyekuja hutozwa faini, na anayeupiga bure hutozwa kubwa zaidi. Minza hakuwahi kumsikia mama yake akipiga. Sauti ilipanda juu ya mabati na nyasi, nyumba ya kwanza ikaupokea, kisha ya pili, na baada ya muda mfupi uwanja ulikuwa umejaa watu wenye fimbo, pinde na virungu. Sungusungu, walinzi wa jadi, walikuja na kiongozi wao, mzee Mayige. Shija naye alikuja akihema. Hata wale wageni wawili walisogea na baiskeli zao, wakasimama nyuma.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" mzee Mayige aliuliza.

"Hakuna ng'ombe aliyeibwa," mama Felisita alijibu. "Kuna mtu wanayetaka kumwiba. Huyu hapa nimemkalisha."

Manung'uniko yakaanza. Shija alisonga mbele. "Dada, umekuwa kichaa? Unajua faini ya mwano wa bure?"

"Ninaijua. Nitailipa nikishindwa. Ulisema ukijibiwa swali moja tu utanyamaza, kwamba bibi alijuaje. Mtoto wangu ana jibu." Akageuka. "Minza, sema. Mimi niko nyuma yako."

Minza alitazama nyuso zote zile. Alinyanyua chupa na bandeji juu ya kichwa chake.

"Goti la mjomba liliumia Mwanza, msimu uliopita," alisema. "Lilikuwa limevimba alipokuja. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya moto. Vidonge vyake hivi hapa. Bibi aliuliza kwa sababu aliona anaunyoosha mguu akikaa. Mimi nikamdanganya bibi. Nikamwambia haumuumi."

"Mtoto amefundishwa maneno," mtu mmoja alisema.

"Basi nifundishwe na mimi," sauti ilisema mlangoni.

Masele alikuwa ametoka. Alikuwa ameshika mchi wa kutwangia kama gongo, anaruka kwa mguu mmoja, na kila mruko ulimkunja uso. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu walishangaa. Alifika mpaka mbele ya kigoda cha Bibi Mbuke, akajishusha chini polepole, mguu ameunyoosha vilevile.

"Ni kweli," alisema. "Daktari alinikataza kucheza. Nilificha kwa sababu ya kazi. Mlipoanza kusema uchawi, nikaona maneno hayo yananisaidia, nikanyamaza. Bibi hakunifanya kitu. Mimi ndiye niliyemfanya."

Shija alikuwa ameshika fimbo yake kama hajui ni ya nini.

"Na macho je?" mtu aliuliza kutoka nyuma, lakini kwa sauti ndogo.

Mama Felisita alivua kitambaa chake cha kichwa. "Njoo uyatazame yangu. Njoo karibu, usiogope. Napikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, kama yeye, na kama mke wako. Moshi ule ule. Nikizeeka yatakuwa mekundu kama ya bibi. Siku hiyo mtaniletea nani kwa baiskeli?"

Mzee Mayige aligeuka taratibu mpaka akawaona wale wageni wawili. "Ninyi mmekuja kununua pamba?" aliuliza. Mmoja aligeuza baiskeli yake. "Sungusungu, wasindikizeni mpaka kituo cha polisi, wakaeleze kule wamekuja kununua nini. Na gunia lao lichukueni hivyo hivyo lilivyo." Halafu akamwambia mama Felisita, "Mwano wako haukuwa wa bure. Hakuna faini."

* * *

Masele alipelekwa hospitali siku ile ile kwa lori la pamba. Daktari wa Bariadi aliligusa goti mara moja akasema gegedu lilikuwa limepasuka kwa muda mrefu, na kwamba vidonge vilimfichia maumivu mpaka akalimaliza mwenyewe. Alipelekwa Mwanza kupasuliwa. Tajiri hakumngojea, kama alivyoogopa. Lakini aliporudi, akiwa anatembea kwa gongo, Bruda wa misheni alimkabidhi watoto wa uwanja wa nyuma ya kanisa, na kitu cha kwanza alichowafundisha kilikuwa kusema wanapoumia. Mchezaji aliyesema "naumwa" alikaa pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kumcheka.

Kabla ya safari ya Mwanza, Jumapili moja baada ya misa, familia ilimkaribisha Bibi Mbuke. Mama Felisita alipika wali na kuku. Shija alikuja kutoka Nkoma akiswaga mbuzi jike wa fidia, akamfunga kwenye nguzo. Masele alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa bandeji za hospitali.

Walipomaliza kula, mama alimwita Minza akae mbele yao.

"Uliniuliza kama ulifanya dhambi kuvunja kiapo," alisema. "Nisikilize, mwanangu. Siri ya mtu ni kitu kizuri, na umeshika nyingi, Mungu akubariki. Lakini siri inayomla mtu mwingine si siri tena. Ukiona mtu asiye na kosa anaingia kwenye hatari na wewe unalijua la kweli, sema. Mwambie mtu mzima, na asiposikia mwambie mwingine. Ukweli wako mdogo ulifika mapema kuliko wale watu wa baiskeli. Na mjomba wako angeusema wake mapema, leo angekuwa anatembea."

"Ni kweli," Masele alisema chini chini.

Shija alikohoa. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini yalitoka machache. "Mayu Mbuke, mama yangu, nimekosa. Mbuzi huyu ni wako. Niambie kama kuna kingine."

Bibi Mbuke hakumtazama mbuzi. Alisogea kwenye mkeka, akaweka viganja vyake juu na chini ya goti la Masele, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto mchanga. Kisha akainua yale macho yake mekundu.

"Shija," alisema, "siku uliyozaliwa mto ulikuwa umejaa. Mama yako hakuweza kuvushwa kwenda hospitali. Ni mikono ya nani iliyokupokea?"

Shija aliitazama mikono ile, iliyokuwa bado juu ya goti la ndugu yake. Machozi yalimjaa.

"Yako, mayu."

Bibi Mbuke aliokota fimbo yake, akainuka, akapita kando ya mbuzi wa fidia bila kumfungua, akarudi nyumbani kwake.